Kazi inatumika kila siku, kwenye fomu ya kupanda cheo ni sifuri: uhawilishaji wa maarifa upimwe vipi?

#1 Kisima_Kirefu (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu wa uhawilishaji wa maarifa, yaani kuyatoa maarifa chuoni yakatumike nje, ni mrefu, naomba mnivumilie, maana jambo lenyewe limenikaa kooni tangu wiki iliyopita.

Mimi ni mhadhiri na mtafiti wa masuala ya maji. Kwa miaka sita nimefanya kazi bega kwa bega na waendesha mitambo ya kusafisha maji. Anayeijua kazi hii anajua kwamba maji ya mto hayatabiriki: leo yanapita meupe, kesho mvua imenyesha juu huko yanashuka mekundu kama tofali. Kiasi cha shabu ya kukamatisha tope inabidi kibadilike kila maji yanapobadilika. Njia ya kitabuni ni kupanga glasi sita za maji yaleyale, kila moja unaitia kiasi chake cha shabu, unakoroga kwa kasi, unakoroga polepole, unasubiri tope litue, kisha unachagua glasi iliyotakata kwa shabu kidogo kuliko zote. Inakula karibu saa nzima. Mtu aliye peke yake zamu ya usiku hana saa hiyo.

Tulichofanya ni kurudia kipimo hicho mamia ya mara, msimu kwa msimu, mpaka tukapata jedwali la ukurasa mmoja: unapima tope, unasoma mstari wako, unafungua valvu. Jedwali hilo limebandikwa ukutani pembeni ya pampu ya shabu katika mitambo kadhaa. Mwaka wa tatu nilipopita mtambo mmoja nikakuta kona ya plastiki imeshabanduka, na pembeni ya safu ya tatu mtu kaandika kwa wino wa buluu: "Asubuhi ya baridi usiamini hapa. Ongeza, na subiri zaidi." Alikuwa sahihi. Ubaridi unachelewesha tope kushikana, na sisi vipimo vyetu vyote tulivifanya mchana. Tulirudi maabara kwa sababu ya mstari ule mmoja, na toleo la pili la jedwali lina safu ya jotoridi.

Sasa nimeomba kupanda cheo. Fomu ina sehemu tatu: machapisho, ufundishaji, na huduma kwa jamii. Miaka sita yote ikaingia kwenye mistari miwili ya "huduma kwa jamii", kapu moja na kukaa kwenye kamati ya michezo. Majibu yametoka: alama sifuri, na maneno mawili pembeni, "hakuna ushahidi". Makala tuliyoandika kuhusu jedwali hilohilo ikapata alama zote. Yaani kuandika kwamba jedwali lipo kuna thamani, jedwali lenyewe halina.

Msimamo wangu kwa sasa ni huu: kila jedwali, mwongozo, mafunzo au programu inayotumika nje ya chuo ipewe alama zake maalumu, kama makala inavyopewa. Naomba tujadili kwa uzito. Nawasilisha.

#2 Rula_na_Kalamu

Pole sana Kisima. Nimekaa kwenye majopo ya kupandisha vyeo zaidi ya miaka kumi, na hayo maneno "hakuna ushahidi" nimeyaandika kwa mkono wangu mara nyingi. Niruhusu nieleze yanatoka wapi, halafu unihukumu.

Jopo linapewa mafaili arobaini na siku mbili. Makala inapofika mezani imeshasomwa na wahakiki wawili au watatu ambao mwandishi hawajui. Sisi tunaazima hukumu yao. Hapo ndipo makala inapopatia alama haraka: ile kazi ngumu ya kuipima ilishafanywa na mwingine, tena bila malipo. Jedwali la ukutani linakuja uchi. Nani kalihakiki? Linatumika, au limebandikwa tu? Likitumika, maji yalitakata zaidi, au shabu ilipungua, au hakuna kilichobadilika ila mchoro mpya ukutani? Mwanajopo ambaye fani yake ni historia au hisabati atayajuaje hayo ndani ya dakika ishirini?

Na pendekezo lako la alama kwa kila kitu, samahani mkuu, nalipinga moja kwa moja. Tumeshaliona kwenye makala. Tulipoanza kuhesabu idadi, utafiti mmoja ukakatwa vipande vitano. Tulipohamia umaarufu wa jarida, watu wakaacha maswali ya watu wao wakafuata maswali ya jarida. Kile kipimo cha athari cha majarida, kinachotazama makala za jarida zinanukuliwa mara ngapi, alikianzisha Mmarekani Eugene Garfield, na moja ya kazi zake ilikuwa kuwasaidia wakutubi kujua majarida yapi wanunue. Hakikuundwa kupima mtu. Ukitoa alama tano kwa kila jedwali, mwakani napokea majedwali mia tatu, na la kwako litakuwa limefukiwa humo ndani.

Nikisoma faili natafuta ngazi tatu. Ya kwanza ni shughuli: nilifanya warsha, nilitoa hotuba. Ya pili ni matumizi: watu fulani wanafanya kazi yao kwa kile nilichowapa. Ya tatu ni badiliko: kwa sababu hiyo kitu fulani kimekuwa tofauti, na naweza kukuonyesha. Waombaji tisa kati ya kumi wanaishia ngazi ya kwanza kisha wanashangaa. Faili lako, kwa ulivyolisimulia hapa, linafika ya tatu. Ulivyoliandika kwenye mistari miwili, nina hakika liliishia ya kwanza.

#3 Zamu_ya_Usiku

Samahani kwa kuingilia, mimi si wa chuo. Ni muuguzi wa wodi ya watu wazima. Nimejiunga na mjadala kwa sababu ya hilo neno ushahidi.

Miaka iliyopita mtafiti mmoja alituletea kadi ya kufuatilia mgonjwa. Unapima pumzi, mapigo, presha, joto, ufahamu, kila kipimo kina alama zake, unajumlisha. Kadi nzuri, tunaitumia mpaka leo. Baada ya muda ikaja barua kwa barua pepe, imeshaandikwa, kilichobaki ni sahihi yangu. Imesema wodi yetu "imepunguza vifo kwa kiasi kikubwa". Hatukuwahi kuhesabu vifo kwa namna ya kuweza kusema hivyo. Nilimheshimu yule mtafiti na kazi yake, lakini sikuweza kusaini.

Kilichobadilika kweli hakuna aliyeniuliza. Zamani muuguzi mgeni akimpigia daktari usiku alisema, "Dokta, naona kama hali yake si nzuri." Daktari aliyelala akisikia "naona kama" anajibu mwangalie kwanza. Siku hizi anasema, "Dokta, amefika saba kutoka tatu ndani ya saa mbili." Daktari anakuja. Kadi iliwapa wadogo maneno ambayo wakubwa wanayasikiliza. Mngekuja mkaniuliza hivyo tu, ningewaandikia kurasa mbili kwa mkono wangu, tena bila kuombwa mara ya pili.

#4 Kisima_Kirefu

Dada Zamu, asante kutoka moyoni. Nimesoma maneno yako mara tatu.

Mkuu Rula, umenigusa pabaya. Nimefungua faili langu usiku huu. Nilichoandika ni hiki, neno kwa neno: "Kutoa mafunzo kwa waendesha mitambo na kuandaa jedwali la matumizi ya shabu." Basi. Ule mstari wa wino wa buluu haupo. Safu ya jotoridi haipo. Hakuna sehemu inayosema mtambo gani ulipunguza shabu. Ni kweli fomu ilinipa mistari miwili, lakini hakuna aliyenizuia kuambatisha.

Hata hivyo hoja yangu haijafa. Fomu yenye mistari miwili inamwambia mtu mapema kwamba kazi hiyo si ya maana. Wenzangu wadogo wanaisoma fomu kabla hawajachagua nini cha kufanya na miaka yao.

#5 Hataza_Kwanza

Nafanya kazi kwenye ofisi ya uhawilishaji wa teknolojia ya chuo. Najua wengi mnatuona kama watu wa pesa tu, ila nitaitetea pesa kidogo. Mtu akikubali kulipia leseni ya uvumbuzi wako, huo nao ni uhakiki. Hajakusifia, ametoa fedha zake. Marekani ilipopitisha sheria ya Bayh-Dole mwaka 1980, vyuo viliruhusiwa kumiliki uvumbuzi uliotokana na utafiti unaogharimiwa na serikali yao, na tangu hapo ofisi kama yangu zimeenea duniani. Hataza, yaani haki za kisheria za kumiliki uvumbuzi, za Stanley Cohen na Herbert Boyer za kuunganisha jeni ziliingizia Stanford na Chuo Kikuu cha California karibu dola milioni 255 mpaka muda wake ulipokwisha mwaka 1997. Hiyo ni teknolojia iliyozaa tasnia nzima.

Na wapo waliokwishaingiza hili kwenye vigezo vya ajira. Texas A&M waliongeza hataza na biashara ya uvumbuzi kwenye vigezo vyao vya kumthibitisha mhadhiri kazini mwaka 2006. Kwa hiyo haliwezi kuitwa jambo lisilowezekana.

Ila niseme ukweli wa ofisini kwetu pia. Hataza nyingi zinakaa kabatini. Kuisajili ni gharama, kuitunza kila mwaka ni gharama, na asilimia kubwa hazipati mnunuzi. Mtu akiniletea wasifu wenye hataza kumi, swali langu la kwanza ni ngapi zina leseni, la pili ni ngapi kati ya hizo zenye leseni zilifika kwa mtumiaji. Hataza peke yake ni ngazi ya kwanza ya mkuu Rula, shughuli.

#6 Kisima_Kirefu

Nakubali kwa sehemu mkuu Hataza. Lakini tazama insulini. Mwaka 1923 watafiti wake Banting, Best na Collip waliiuzia Chuo Kikuu cha Toronto haki yao ya hataza kwa dola 1 kila mmoja. Ukiiweka kazi hiyo kwenye fomu inayouliza "mapato yatokanayo na uhawilishaji", watatu hao wanajaza dola 3. Dawa iliyowainua watoto waliokuwa wanakwisha kitandani inakuwa chini ya semina ya siku moja ya ushauri elekezi.

Pesa inaonyesha kwamba mtumiaji ana uwezo wa kulipa. Mitambo yangu haikunilipa hata senti, na sikutaka inilipe.

#7 Mizizi_ya_Neno

Nimekuwa msomaji kimya, leo naomba niseme. Fani yangu ni isimu, na nataka kuanzia kwenye neno lenyewe.

Kuhawilisha ni kuhamisha kitu kutoka mkono huu kwenda mkono ule. Ni ndugu wa hawala, ile ya fedha: mmoja anatuma, mwingine anapokea, aliyepokea anaweka sahihi. Tukilichukua neno hilo bila kulitazama, tutajenga fomu za hawala: nani katuma, nani kapokea, kiasi gani. Na mle ndani yule fundi wa wino wa buluu hana mahali pa kukaa, kwa sababu yeye alituma kuja chuoni.

Kuna kisa cha Wisconsin, Marekani, ambacho nakipenda sana kwa sababu hiyo. Februari 1933 mfugaji aitwaye Ed Carlson aliendesha gari kwenye theluji mpaka chuo kikuu akiwa na mtamba aliyekufa, debe la maziwa lililojaa damu isiyoganda, na nyasi zilizooza ambazo ng'ombe wake walikula. Ilikuwa Jumamosi, ofisi ya mifugo imefungwa, akagonga mlango uliokuwa wazi: maabara ya mkemia Karl Paul Link. Link hakuwa na jibu la siku ile. Maabara yake ilikaa na ile damu miaka sita mpaka mwaka 1939 ikatenga kemikali iliyokuwa inazuia damu kuganda. Kutoka hapo ikaja warfarini, iliyouzwa kama sumu ya panya mwaka 1948 na kuanza kutibu watu mwaka 1954. Herufi nne za mwanzo za jina hilo, WARF, ni za wakfu wa utafiti wa chuo hicho.

Sasa mimi nauliza: Link angejaza fomu yenu mwaka gani? Mwaka 1936 angekuwa na nini cha kuonyesha? Na Carlson yuko safu ipi?

Hilo la kwanza. La pili ni la sisi wa lugha, historia, sheria na elimu. Hatuna hataza. Mtu anasaidia kuandika sheria upya kwa lugha ambayo mshtakiwa anaielewa. Mwingine anakaa miaka kumi na walimu wa darasa la kwanza kuhusu namna ya kufundisha kusoma. Uingereza walipotathmini vyuo vyao mwaka 2014, vyuo viliwasilisha visa 6,975 vya athari za utafiti. Watafiti wa King's College London walipochambua 6,679 kati ya hivyo waliona njia zaidi ya 3,700 tofauti ambazo utafiti umepitia mpaka kufika kwa watu. Elfu tatu na mia saba! Hakuna orodha ya visanduku itakayoweza kubeba hilo.

Hispania walijaribu kuiheshimu tofauti hiyo. Kule tangu 1989 mhadhiri anaweza kuomba utafiti wake wa miaka sita utathminiwe, akipita anaongezewa kipato na heshima. Mwaka 2018 wakafungua kwa majaribio maombi ya miaka sita ya uhawilishaji peke yake, na wakaugawa mafungu manne: kulea watafiti, maarifa yanayopatikana kwa kufanya kazi na taasisi nyingine, thamani ya kiuchumi, na thamani ya kijamii. Mtu wa leseni na mtu wa sheria wote wana mlango. Nakumbuka nilipousoma mpango ule kwa mara ya kwanza nilisimama kwenye hilo fungu la nne nikafurahi kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.

#8 Rula_na_Kalamu

Mwalimu Mizizi, umeniongezea. Na kwa kuwa umeitaja Uingereza, niiweke wazi kidogo, maana watu huitaja bila kujua inavyofanya kazi ndani.

Mfumo wao unaitwa REF. Mwaka 2014 athari nje ya chuo ilibeba asilimia 20 ya alama, mwaka 2021 ikapanda kufika 25. Idara inaandika kisa cha kurasa chache: utafiti gani ulifanyika hapa, nini kilibadilika nje, ushahidi uko wapi. Athari ndani ya taaluma yenyewe haihesabiki. Utafiti uliozaa kisa lazima nao uwe umefikia kiwango cha ubora, kwa hiyo huwezi kupata sifa kwa kusambaza kitu kibovu. Wanapima mambo mawili, upana wa kilichobadilika na uzito wake. Na kwenye majopo wanakaa watumiaji wa utafiti pamoja na maprofesa. Hilo la mwisho ndilo ninalolitamani kuliko yote. Angekuwepo mwendesha mtambo mmoja kwenye jopo lililokupa sifuri, Kisima, angeisoma ile sentensi yako moja akauliza, "Hili jedwali ndilo lile la ukutani kwetu?"

Ila tusiuchukue mzimamzima. Kwanza, unapima idara, haumpimi mtu. Visa ni vichache kulingana na idadi ya watafiti, kwa hiyo idara inachagua vinavyong'aa na kazi ndogo za uaminifu za kila siku zinabaki gizani. Pili, gharama: zoezi zima la 2014 lilikadiriwa kugharimu pauni milioni 246. Chuo kidogo kikijaribu kuiga hivyo kitatumia kwenye kupima zile fedha ambazo zingefanya kazi yenyewe.

Uholanzi wamefuata njia ninayoiona ya upole zaidi. Itifaki yao ya 2021 hadi 2027 ina vigezo vitatu: ubora wa utafiti, umuhimu wake kwa jamii, na uwezo wa kikundi kuendelea. Kikundi kinatathminiwa dhidi ya malengo kilichojiwekea chenyewe, na kinajieleza kwa simulizi yenye ushahidi. Kuhesabu wingi wa makala kama kigezo walishakuacha kwenye itifaki iliyotangulia.

Na swali lako la Link mwaka 1936, nimelifikiria jana kutwa nzima. Jibu langu: mwaka ule jopo lilipaswa kutazama mwenendo wa kazi, kwa sababu matokeo hayakuwepo. Swali la mfugaji lilipokelewa? Linafanyiwa kazi kwa makini? Mfugaji anarudishiwa habari? Hayo yanaonekana hata kama warfarini iko mbali. Asiyefikisha matokeo ndani ya muda wa fomu asihukumiwe sawa na asiyefanya kitu.

#9 Wino_Mbichi

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mwanafunzi wa uzamivu mwaka wa tatu, na niko ndani ya hili mnalolizungumza.

Mradi wetu ni wa kikundi. Kati ya wiki nne, mbili nashinda uwanjani na watumiaji: nawaeleza, nawasikiliza, narekebisha, narudi tena. Msimamizi wangu ni mtu mwema, aliniita akaniambia bila kuficha: "Kazi hii ni nzuri, lakini imalize baada ya kuajiriwa. Kwa sasa andika." Hakukosea kwa upande wangu, kwa vigezo vilivyopo. Lakini nikimaliza kuandika hao watu watakuwa wameshanisahau, na wana haki.

Jambo ambalo sijaliona likitajwa ni nani anahesabiwa. Kisa kikiandikwa, jina la juu ni la profesa. Aliyekaa uwanjani ni mimi na fundi wa maabara. Kwenye makala angalau kuna orodha ya waandishi, na majarida mengi siku hizi yanataka isemwe nani alifanya nini: aliyebuni, aliyekusanya data, aliyeandika. Kwenye uhawilishaji hakuna hata hilo. Naomba, kama mtatengeneza fomu mpya popote mlipo, mtu wa uwanjani awe na mstari wake, na mtumiaji aulizwe aseme alifanya kazi na nani. Dada Zamu bila shaka anakumbuka nani alikuja wodini na nani alituma barua.

#10 Zamu_ya_Usiku

Marahaba mdogo wangu. Namkumbuka vizuri sana. Alikuwa binti wa umri wako, alikesha nasi zamu tatu, akakaa pembeni ya kitanda namba sita na daftari akiangalia tunavyojaza kadi gizani. Ni yeye aliyesema visanduku viwe vikubwa zaidi kwa sababu taa ya usiku ni hafifu. Kwenye ile barua niliyoletewa nisaini jina lake halikuwepo.

#11 Hataza_Kwanza

Hilo limeniuma, dada.

Niongeze la kiutendaji, kwa sababu watu watatoka hapa wakiuliza waanzie wapi. Ofisini kwetu tumeanza kuwaambia watafiti wafungue daftari la ushahidi siku ya kwanza ya mradi, sio mwaka wa sita. Ndani yake kuna hali ilivyokuwa kabla hujaanza, maana bila hiyo hutaweza kusema kilichobadilika. Kuna tarehe, nani kaanza kutumia, nani kaacha na kwa nini. Waliorekebisha kazi yako na walichorekebisha. Barua pepe ya mtu anayeuliza swali la matumizi ina uzito kuliko cheti cha kushiriki warsha, kwa sababu mtu haulizi swali la namna hiyo kama kitu kimelala kabatini. Na barua ya mtumiaji aandike mwenyewe, iende moja kwa moja kwenye jopo bila kupitia mikononi mwa mwombaji, kama wanavyofanya wahakiki wa nje wa makala.

Walioacha kutumia wasifichwe. Faili linaloeleza kwamba mitambo miwili iliacha na sababu yake, mimi ninaliamini zaidi.

#12 Mizizi_ya_Neno

Naunga mkono, kwa angalizo moja. Daftari lisigeuke mzigo kwa watumiaji. Mwalimu wa darasa la kwanza mwenye watoto sitini akijaziwa dodoso kila muhula ili sisi tupande vyeo, tutakuwa tumemwongezea kazi kwa jina la kumsaidia. Waulizwe mara chache na kwa adabu, tena maswali yenye faida kwao pia. Mkuu Rula, nafasi ya mtumiaji kwenye jopo nayo ilipwe. Maprofesa tunakaa kwenye majopo tukiwa kazini, yeye anaacha kazi yake kuja.

Na kuhusu alama, mimi sipendi uhawilishaji uwe tuzo ya pembeni, cheti na picha mara moja kwa mwaka. Nimeona tuzo za namna hiyo: mtu anapigiwa makofi, halafu mwezi unaofuata ombi lake la cheo linarudishwa kwa upungufu wa makala. Liwe ndani ya njia ileile ya kupanda, mtu aweze kufika kileleni kwa uzito tofauti wa utafiti, ufundishaji na uhawilishaji, akisema mapema yeye amebeba upi.

#13 Kisima_Kirefu

Wakuu, nimechelewa kurudi kwa sababu nilisafiri kwenda mtamboni. Naomba nitoe mrejesho.

Kwanza natangua pendekezo langu la post ya kwanza. Alama kwa kila kitu siitaki tena. Ninachotaka kwenye chuo changu ni sehemu ya nne ya fomu, kurasa tatu za kujieleza, na angalau mtu mmoja wa nje anayejua kazi hiyo akiisoma. Nimeiandikia kamati barua kwa lugha ya heshima, nikaambatisha hoja zenu bila majina yenu ya humu. Wamejibu kwamba itajadiliwa kwenye kikao kijacho.

Pili, rufaa yangu. Nimeandika upya. Nimeanza na hali ilivyokuwa kabla, nikapata bahati kwamba mitambo ina vitabu vya zamu vya miaka ya nyuma: kiasi cha shabu, tope la kuingia, tope la kutoka, saa kwa saa, kwa mkono. Mitambo mitatu imepunguza shabu na maji yanatoka safi zaidi, vitabu vinaonyesha. Mmoja haukubadilika chochote. Mwingine uliacha kutumia jedwali baada ya kipima tope chao kuharibika, na hilo nimeliandika pia kama mkuu Hataza alivyosema. Vijana wawili waliokuwa nami uwanjani nimewataja na walichofanya.

Tatu, nilimtafuta mwenye wino wa buluu. Miaka yote hii sikuwahi kuuliza ni nani. Ni mzee mmoja anayekaribia kustaafu, zamu yake ni ile ya alfajiri, na alishangaa kwamba tuliuona mstari wake. Nikamwonyesha toleo la pili na safu ya jotoridi. Akaliangalia kwa muda mrefu, akavaa miwani, akaniambia mstari wa mwisho bado una kasoro mvua ya kwanza ya msimu inaposhusha majani mtoni, maji yanakuwa na rangi ambayo kipima tope hakiioni. Tumekubaliana mvua zikianza atachukua sampuli alfajiri, sisi tutazifuata kabla ya saa tatu. Jina lake litakuwa kwenye toleo la tatu, na kwenye makala kama itakuwepo.